Mchungaji Aliyemnyima Sophia Meza ya Bwana: Uchambuzi wa Kisa cha Savannah, 1737

Jumapili ya tarehe 7 Agosti 1737, katika mji mdogo wa Savannah, koloni la Georgia, kasisi wa Kanisa la Uingereza alikataa kumpa Ushirika Mtakatifu mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja mezani pamoja na waumini wengine. Kasisi huyo alikuwa John Wesley, mwenye umri wa miaka 34. Mwanamke alikuwa Sophia Williamson, aliyekuwa ameolewa miezi mitano tu kabla ya siku hiyo. Na kabla ya ndoa hiyo, alipokuwa bado akiitwa Sophia Hopkey, alikuwa mwanafunzi wa Wesley, aliwahi kumuuguza alipopatwa na homa, na alikuwa ndiye msichana ambaye Wesley alishindwa kuamua kama amwoe au asimwoe. Siku iliyofuata hati ya kumkamata kasisi ilitolewa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondoka Georgia usiku, akiwa amekatazwa na mahakimu asitoke.

Sisi Wamethodisti tunapenda kuianza habari ya mwanzilishi wetu London, katika mtaa wa Aldersgate, tarehe 24 Mei 1738, moyo wake ulipopata joto ambalo hakulitarajia. Savannah hupitiwa kwa aya moja, tena mara nyingi kwa kicheko cha kumwonea huruma mzee wetu aliyeshindwa na mambo ya mapenzi. Kwa maoni yangu, hapana kisa katika historia yetu kinachomfaa zaidi mchungaji kijana anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza mamlaka ya kusema nani ashiriki na nani asishiriki. Kanuni aliyoitumia Wesley ilikuwa halali, imeandikwa, na aliinukuu bila kuipindisha. Kasoro ilikuwa katika mkono ulioishika kanuni hiyo, na katika hali iliyouruhusu mkono huo uishike peke yake.

Mji na watu wake

Koloni la Georgia lilianzishwa mwaka 1733 chini ya Jenerali James Oglethorpe, likiongozwa na Wadhamini waliokaa London. Wesley alifika Februari 1736 pamoja na ndugu yake Charles na rafiki zao wawili, Benjamin Ingham na Charles Delamotte. Katika safari ile dhoruba ilipiga meli mwezi Januari, Waingereza wakapiga mayowe, nao Wamoravia kutoka Ujerumani wakaendelea kuimba zaburi zao; hao ni watu wa kanisa lile lile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, na ambalo leo wenzetu wa Mbeya na Tabora wanalijua kama kanisa la nyumbani. Mara tu baada ya kufika, kiongozi mmoja wa Wamoravia, August Spangenberg, alimuuliza Wesley kama anamjua Yesu Kristo. Wesley alijibu kwamba anajua kuwa ni Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg akauliza tena kama anajua kuwa amemwokoa yeye. Alijibu kwamba anatumaini Kristo alikufa ili amwokoe, na baadaye aliandika katika shajara yake kwamba aliogopa maneno yale yalikuwa matupu.

Nia yake ilikuwa kuwahubiria wenyeji wa Amerika. Kazi aliyoikuta ilikuwa ya kuwa kasisi wa parokia ya Waingereza, katika mji ambao kwa hesabu yake mwenyewe ulikuwa na watu 518, ambao 149 kati yao walikuwa chini ya miaka 16. Aliyewahi kuhudumu katika mji wa ukubwa huo anaelewa maana yake. Kila mtu anajua nani amepita barabara gani, mchungaji hawezi kuugua bila uji wake kutoka katika nyumba inayojulikana, na maneno ya jikoni hufika kanisani kabla ya kengele.

Mkubwa wa mji alikuwa Thomas Causton, hakimu mkuu, ambaye pia alisimamia ghala la umma ambalo wakazi wengi walitegemea kupata chakula na vifaa. Mamlaka ya kuhukumu na mamlaka ya kugawa unga yalikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Sophia alikuwa mpwa wa mke wake na aliishi nyumbani kwao. Oglethorpe, mtu pekee aliyeweza kumwambia Causton neno akasikilizwa, na kumwambia Wesley neno pia, alikwenda Uingereza mwishoni mwa mwaka 1736 na hakurudi hadi mwaka 1738. Askofu alikuwa London, ng'ambo ya bahari. Charles alikuwa amekwisha kurudi kwao, na Ingham naye aliondoka Februari 1737. Palibaki kasisi mmoja, kijana mwenzake mmoja, Delamotte, na mji.

Lazima pia nitaje namna Wesley alivyofanya kazi kabla ya Sophia kuwa jambo, kwa sababu mashtaka yaliyokuja baadaye yalikuwa yamejikusanya polepole. Mei 1736 aliombwa kumbatiza mtoto wa Parker, hakimu wa pili wa mji. Alishikilia kwamba mtoto azamishwe majini, kama maelekezo ya Kitabu cha Sala, kile cha ibada za Kanisa la Uingereza, yalivyotaka, isipokuwa wazazi wathibitishe kwamba mtoto ni dhaifu. Mama akajibu kwamba mtoto wake si dhaifu, na kwamba hatazamishwa. Wesley akarudi nyumbani, na mtoto akabatizwa na mwingine. Kwa maandishi, Wesley alikuwa na haki. Hata hivyo alikuwa amemfanya hakimu aende nyumbani na aibu, na hakimu huyo huyo ndiye aliyeketi mbele yake alipopelekwa na askari miezi kumi na mitano baadaye.

Alichokuwa nacho moyoni

Sophia alikuwa na umri wa karibu miaka 18 Wesley alipofahamiana naye. Alimfundisha Kifaransa, akamwelekeza katika sala za alfajiri na mfungo, na kwa muda msichana alifuata ratiba ya ibada ambayo hata watu wazima wa mji waliiona nzito. Oktoba 1736 walisafiri pamoja kwa mashua kutoka Frederica, mji mwingine wa koloni, kurudi Savannah, siku kadhaa pwani na usiku chini ya tanga. Wesley aliandika kwa kirefu kuhusu safari hiyo na kuhusu hofu yake ya nafsi yake, lakini aliyaweka hayo katika hati za faragha. Katika shajara aliyoichapisha mwenyewe aliyaacha nje, na msomaji wa wakati ule hakuweza kujua kwamba kasisi anayesimulia habari ya nidhamu ya kanisa alikuwa pia mchumba asiyethubutu kuchumbia.

Maana hilo ndilo alilokuwa. Alimwendea Sophia na kurudi nyuma, akasema nusu ya neno na kulifuta, akaomba ushauri kwa Wamoravia na kwa rafiki zake, ambao walikuwa na mashaka kama msichana ni kama anavyoonekana. Tarehe 4 Machi 1737 yeye na Delamotte walifunga, wakaomba, kisha wakapiga kura. Vikaratasi vilikuwa vitatu: cha kwanza kilisema aoe, cha pili kilisema asifikirie jambo hilo mwaka huu, cha tatu kilisema asilifikirie tena. Delamotte alichomoa cha tatu.

Siku tano baadaye Sophia alimwambia kwamba amekubali kuolewa na William Williamson, isipokuwa kama yeye Wesley ana neno la kupinga. Msomaji yeyote aliyekulia katika jamii ambayo msichana hasemi moja kwa moja anachotaka ataisikia sauti iliyo ndani ya sentensi hiyo. Wesley aliisikia pia, kwa maana alijiuliza kama msichana hakuwa anamaanisha jambo jingine, lakini hakusema. Tarehe 12 Machi Sophia na Williamson walivuka mto hadi Purrysburg, katika koloni la South Carolina, wakafungishwa ndoa huko bila ndoa yao kutangazwa kanisani kama kanuni zilivyotaka.

Sitaki kumdhihaki Wesley kwa kura zile. Wamoravia walizitumia kwa uaminifu, na Matendo ya Mitume yanatuonyesha mitume wakizitumia. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyekabidhi kura uamuzi wa moyo wake hakuwa ameumaliza moyo wenyewe. Aliacha kuoa, lakini hakuacha kuwa mtu wa Sophia. Na aliendelea kuwa mchungaji wake, akimwongoza katika mambo ya roho, akimpima kwa vipimo vile vile vya sala na mfungo ambavyo sasa mke mwenye nyumba na mume hakuwa tena na nafasi ya kuvitimiza.

Kanuni na mkono

Jumapili ya tarehe 3 Julai, walipokuwa wakirudi kutoka kanisani baada ya Ushirika Mtakatifu, Wesley alimwambia Sophia mambo kadhaa aliyoyaona ya kulaumika katika mwenendo wake. Kwa maelezo yake mwenyewe, Sophia alikasirika sana, akasema hakutarajia kutendewa hivyo naye, na walipofika kwenye kona ya barabara akamwacha ghafla. Shangazi yake alikuja kesho yake kujaribu kusuluhisha, akamwomba Wesley aandike anachomlaumia mpwa wake. Akaandika. Kufikia hapo bado mambo yangeweza kupoa. Barua iliyoandikwa kwa hasira ya upole ndiyo iliyoyafanya yasipoe.

Siku chache baadaye Causton alimwendea Wesley nyumbani akiwa pamoja na Parker na karani wa mahakama, akimuuliza kwa ukali kwa nini anadhani kwamba yeye angemlaumu kwa kutimiza kazi yake. Wesley akamuuliza ingekuwaje iwapo angeona ni wajibu wake kumzuia mtu wa nyumba ya Causton asishiriki Meza ya Bwana. Causton akajibu kwamba iwapo atazuiwa yeye au mke wake atadai sababu ya kisheria, lakini kwa wengine hatajisumbua, wajitazame wenyewe. Jibu hili la mkubwa wa mji lilimpa Wesley ruhusa ambayo hakupaswa kuiomba, kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kuitoa, na ambaye aliigeuka mara ilipotumika.

Tarehe 7 Agosti akamzuia Sophia. Tarehe 11, kwa ombi la Causton, alimwandikia kueleza. Barua hiyo ni fupi na inajulikana sana. Alinukuu maelekezo mawili ya Kitabu cha Sala: kwamba wanaokusudia kushiriki wampe kasisi majina yao angalau siku moja kabla, jambo ambalo Sophia hakulifanya, na kwamba mtu aliyemkosea jirani yake kwa neno au tendo, hata kusanyiko likakwazwa, aonywe asije mezani mpaka atakapokuwa ameonyesha wazi kwamba ametubu. Aliahidi kwamba akija na kutubu hayo, atampa mafumbo matakatifu ya Mungu.

Hebu tuyapime maelekezo hayo kama wachungaji. Hilo la kwanza, la kutoa jina, ni sharti la utaratibu. Kasisi aliyeamua kulishika kwa ukamilifu lazima alishike kwa kila mtu, na asilikumbuke siku anapokuja mtu fulani. La pili ni zito zaidi, lakini lina maneno ambayo Wesley aliyapita haraka: kosa liwe limekwaza kusanyiko. Ni kosa gani la Sophia lililokuwa limelikwaza kusanyiko la Savannah? Mambo aliyokuwa nayo Wesley dhidi yake yalikuwa kupungua kwa mfungo na kukosa ibada kadhaa, na zaidi ya yote kwamba Sophia alikuwa amemficha ukweli kuhusu uhusiano wake na Williamson kabla ya kuolewa. Aliyefichwa ukweli huo alikuwa Wesley. Aliyekwazwa alikuwa Wesley. Jirani aliyekosewa, shahidi wa kosa, mwendesha mashtaka, na hakimu aliyesimama na kikombe mkononi walikuwa mtu mmoja.

Tena maelekezo yenyewe yanataka onyo litangulie. Wesley angeweza kusema kwamba alikuwa ameonya tarehe 3 Julai na kwa barua. Ndiyo, alionya, lakini lile la barabarani lilikuwa onyo la mtu mmoja kwa mtu mmoja, na Bwana mwenyewe katika Mathayo 18 aliweka hatua ya pili, ya kwenda na mtu mmoja au wawili, kabla ya kulifikisha jambo kwa kanisa. Wesley aliruka kutoka hatua ya kwanza hadi mezani, na mezani ndipo mahali pa hadhara kuliko pote katika maisha ya kanisa.

Mahakamani

Hati iliyotolewa tarehe 8 Agosti ilimshtaki kwamba amemvunjia Sophia heshima na kumnyima Sakramenti hadharani bila sababu, na mume wake akadai fidia ya pauni 1,000. Tarehe 9 askari alimpeleka mbele ya Parker na karani. Sophia alitoa hati ya kiapo iliyodokeza kwamba Wesley alikuwa amemwomba ndoa mara nyingi, na kwamba kila mara alimkataa. Wesley alipoomba nakala, Causton alimjibu kwamba anaweza kuipata katika gazeti lolote la Amerika.

Baraza la wajumbe 44 lilikusanywa kupima mashtaka, na mashtaka yalipotoka yalikuwa kumi. Sophia yumo katika mawili ya kwanza: kwamba kasisi alizungumza naye na kumwandikia bila ridhaa ya mume wake, na kwamba alimnyima Ushirika. Mengine ni orodha ya manung'uniko ya mji mzima: aligawanya ibada ya asubuhi ya Jumapili, alikataa kumbatiza mtoto wa Parker bila kumzamisha, alikataa kusoma ibada ya mazishi juu ya maiti fulani, alikataa wanaume wawili wasimame kuwa baba wa ubatizo kwa sababu hawakuwa washiriki wa Meza, na kadhalika. Mojawapo lilisema kwamba alijiita msimamizi mwenye mamlaka ya kiaskofu katika Savannah. Wasomaji wengi hulitazama shtaka hilo kama uchokozi tu. Mimi naona ndilo lililogusa mahali pa kweli kuliko yote, ingawa walioliandika hawakulikusudia hivyo: pale pasipo askofu, baraza wala mzee wa kumzuia, kasisi alikuwa amejifanya vyote hivyo.

Haki yake nayo isemwe. Wajumbe 12 kati ya wale 44 hawakukubaliana na wenzao, wakawaandikia Wadhamini kwamba mashtaka hayo ni hila ya Causton ya kumchafulia Wesley jina. Wesley alijibu mahakama kwamba mashtaka tisa ni ya kikanisa, na mahakama ile haina uwezo juu yake, lakini lile la kuzungumza na kumwandikia Sophia ni la kidunia, naye yuko tayari kulijibu mara moja. Alilirudia ombi hilo kikao baada ya kikao, na kila mara likaahirishwa. Causton naye aliondolewa madarakani mwaka 1738 kwa sababu ya hesabu za ghala. Na mhubiri mwenzake George Whitefield, aliyefika Georgia mwaka huo huo, aliandika kwamba mema aliyoyafanya John Wesley Amerika hayasemeki, na kwamba jina lake ni la thamani kwa watu wa huko. Mtu anaweza kuwa ametenda mema mengi katika kituo na bado akawa amekosea vibaya kwa mtu mmoja. Katika mikutano yetu ya uhamisho tunazoea kutaja moja ya mambo hayo na kulisahau jingine.

Mwishoni mwa Novemba alibandika tangazo kwamba anakusudia kwenda Uingereza, akiwaomba walioazima vitabu vyake wavirudishe. Tarehe 2 Desemba mahakimu walimkataza kutoka, wakamtaka aweke dhamana, akakataa kutia sahihi. Jioni, ibada ilipokwisha, kama saa mbili usiku, maji yakiwa yameruhusu, akakung'uta mavumbi ya miguu yake na kuondoka, akiwa, kwa maneno yake, amehubiri Injili huko "si kama ilivyonipasa, bali kama nilivyoweza," kwa mwaka mmoja na karibu miezi tisa. Yeye na wenzake watatu walipotea njia katika vinamasi vya kuelekea Port Royal. Akiwa baharini mwezi Januari aliandika lile neno ambalo kila Mmethodisti analijua: alikwenda Amerika kuwaongoa Wahindi, yaani wenyeji wa Amerika, lakini ni nani atakayemwongoa yeye?

Niliyoyaona upande wangu

Nilikisoma kisa hiki chuoni bila kunigusa. Kilikuja kunigusa katika kanisa moja la mahali nililopangiwa, ambalo sitalitaja. Katika makanisa mengi ya huku kwetu, mtu anayeishi katika ndoa ya kimila isiyobarikiwa kanisani hashiriki Meza mpaka ndoa hiyo ibarikiwe. Watu hujadiliana kama utaratibu huo unafaa, na mimi nina maoni yangu, lakini wakati ule nilikuwa nikiufuata. Mwezi mmoja kabla ya Ushirika nilimtuma wakili wa kanisa amwambie mama mmoja wa kwaya kwamba asije mezani, kwa sababu hiyo. Jioni ile mwinjilisti wetu, mzee aliyenizidi kwa miaka mingi, alikuja nyumbani, akanywa chai yake yote, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Alifika kumi na mmoja. Wote walikuwa katika hali ile ile ya ndoa, na wote walikuwa wakishiriki.

"Hao nao, Mchungaji, tutawaambia lini?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa kwamba ni yule mama peke yake aliyesimama katika mkutano wa viongozi wiki mbili kabla ya hapo na kuuliza pesa za paa la nyumba ya mchungaji zilikwenda wapi. Risiti zilikuwepo, na mbao zilikuwa zimekwisha nunuliwa. Swali lake lilikuwa halali na lilijibika. Lakini nilikuwa nimeumia, na kanuni ilikuwa karibu na mkono wangu. Naweza kuapa kwamba nilipomtuma wakili sikuwa nikiwaza habari ya paa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, na ndilo ninaloamini lilimpata Wesley: alipoandika barua ya tarehe 11 Agosti alikuwa mkweli kabisa, na hakuona.

Jambo lile lilitoka mikononi mwangu. Kiongozi wa darasa la yule mama, yaani kikundi chake kidogo cha waumini, alimtembelea mara tatu, kisha suala likapelekwa kwa mchungaji msimamizi wa sakiti, yaani kundi la makanisa yetu ya eneo, ambaye alikuja mwenyewe na kumpa Ushirika. Alipokea kutoka mkono wa msimamizi. Kutoka mkono wangu hakupokea tena mpaka nilipohamishwa, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Baada ya Savannah

Wesley hakuandika mahali popote kwamba madarasa yetu na tikiti zetu za uanachama ni toba yake ya Savannah, na mimi sitamwekea maneno kinywani. Hata hivyo, mtu akizitazama hatua zake za baadaye huku Savannah ikiwa mbele yake, haoni kuwa zimetokea kwa bahati tu. Katikati ya mwaka 1740, akibishana London na watu waliofundisha kwamba asiye na imani kamili akae mbali na Meza mpaka aipate, Wesley alisimama upande wa pili: Chakula cha Bwana ni njia ya neema ambayo kwayo Mungu anaweza hata kumwongoa mtu, na sharti la kuja ni kujua kwamba mtu anahitaji. Miaka mitatu kabla yake alikuwa amesimama mezani kama mlinzi wa mlango.

Nidhamu hakuiacha, aliihamisha. Februari 1742, huko Bristol, Wamethodisti walikuwa wakitafuta namna ya kulipa deni la jengo lao, na mmoja akapendekeza kila mtu atoe senti moja kwa wiki na wachache waende nyumba kwa nyumba kuikusanya. Wakusanyaji wakaanza kurudi na habari za mume anayegombana na mke na za mlevi aliyerudia pombe. Hivyo madarasa yetu yalizaliwa kutokana na deni la jengo, jambo ambalo kila mweka hazina wa kanisa angefurahi kulijua. Kanuni za Jumla za mwaka 1743 ziliweka mwendo wake: asiyezishika ajulikane kwa wanaoziangalia roho, aonywe, avumiliwe kwa muda, na akikataa kutubu asiwe na nafasi tena miongoni mwetu. Aliyeondolewa aliondolewa katika chama cha Wamethodisti, na lango la Meza katika kanisa la parokia yake halikufungwa na tendo hilo. Na aliyemjua kabla hajaondolewa alikuwa kiongozi wa darasa, mtu wa mtaa wake aliyemwona kila wiki.

Nisimpambe Wesley kupita kiasi. Aliendelea kushika hatamu kwa mikono yake, na Machi 1743 huko Newcastle aliandika orodha ya watu 64 walioondolewa chamani: 17 kwa ulevi, watatu kwa ugomvi, mmoja kwa kumpiga mke wake, na 29 kwa wepesi wa tabia na uzembe. Hesabu hiyo ya mwisho inanifanya nijiulize ni nani aliyekuwa akipima wepesi. Lakini angalau kila mmoja alikuwa na sababu iliyoandikwa, na sababu ile ile ilimpata zaidi ya mtu mmoja, isipokuwa yule mpiga mke na mvivu mmoja.

Kuna jambo la mwisho katika kumbukumbu zake. Julai 1737, mwezi ule ule alipoanza kumlaumu Sophia, Wesley alimnyima Meza pia Johann Martin Bolzius, mchungaji Mlutheri wa Wajerumani walioishi Ebenezer, mtu mcha Mungu ambaye kila mtu alimheshimu, kwa sababu hakuwa amebatizwa na kasisi aliyewekewa mikono na askofu. Mwaka 1749 alipata barua ya Bolzius iliyojaa upole, akaichapisha katika shajara yake, akakiri alichomtendea, na akauliza kama kuna mtu anayeweza kuipandisha bidii ya kikanisa juu zaidi ya hapo. Akaongeza: jinsi nilivyochapwa vyema tangu wakati ule kwa fimbo yangu mwenyewe! Ni ungamo zuri, nami nimelisoma kwa sauti mbele ya wahubiri wa sakiti zaidi ya mara moja. Sophia, katika shajara hiyo hiyo, hakupata mstari kama huo.